Je! Kilabu ni Mali ya Nani?

Ndugu msomaji, katika mazungumzo ya barazani baada ya Alasiri khabari za mpira hazikosi. Watu huulizana nani kafunga na nani kafungwa, mchezaji gani kanunuliwa na kwa fedha ngapi. Lakini liko suala moja ambalo aghalabu hupitwa bila ya kuchunguzwa, nalo ni hili: kilabu ni mali ya nani, hata mtu aweze kukichukua mji huu akakipeleka mji ule? Wako watakaosema kuwa suala hili ni la vijana, halistahili kushughulisha wazee na watu wa elimu. Sisi twaona kinyume cha hayo. Ni suala la ahadi, na amana, na haki ya jirani. Na mambo haya hayana udogo, hata yakitokea katika mchezo.

Siku hizi zimezidi khabari za vilabu vinavyoihama miji yao, au vinavyowaacha wenzao wa ligi waliokuwa nao kwa miaka mingi, kwa sababu kwingine kumeonekana fedha zaidi. Wenye kuhamisha husema ni biashara. Walioachwa husema ni khiyana. Yatupasa tupime baina ya kauli mbili hizi kwa insafu, wala tusimhukumu mtu kabla ya kuisikia hujja yake.

Tuanze na mfano wa jirani. Katika wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, Tanzania, liko bonde la Usangu, nchi ya mashamba ya mpunga, na ndani ya bonde hilo kiko kinamasi kikubwa kiitwacho Ihefu, ambacho maji yake huingia katika mto Ruaha Mkuu. Kwa jina la kinamasi hicho timu ya huko iliitwa Ihefu. Ilikuwa timu ya mashambani, nayo ilipanda hata ikafika Ligi Kuu. Mwezi wa Novemba 2022 Yanga ya Dar es Salaam ilifika Mbarali ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila ya kufungwa hata moja. Katika uwanja wa Highland Estate Ihefu iliifunga mabao 2 kwa 1. Oktoba 2023 Yanga ikarejea uwanja ule ule, ikafungwa tena kwa hesabu ile ile. Fikiri furaha ya watu wa mji ule mdogo, ambao wakubwa walikuwa hawaujui ila kwa mchele wake.

Haikupita miezi mingi. Kabla ya kwisha msimu huo wa 2023/24 timu ilihamishwa ikapelekwa Singida, mamia ya kilomita kutoka kwao. Na ulipoanza msimu wa 2024/25 hata jina lilikuwa limebadilishwa, ikaitwa Singida Black Stars. Kinamasi kingali Mbarali, kwa kuwa hicho hakibebeki. Nafasi katika Ligi Kuu, ambayo watu wa Mbarali waliipigania uwanjani mpaka wakaipata, ilibebwa ikenda zake.

Sasa tumsikilize mtetezi. Hujja yake ya kwanza ni kwamba mpira wataka fedha. Timu ya Ligi Kuu yasafiri nchi nzima. Yataka basi, chakula, malazi, mishahara na dawa za majeruhi. Mahali pasipo na mwenye uwezo, timu haina budi kushuka na pengine kufa. Je! Si bora iishi kwingine kuliko ife kwao? Na wachezaji wana wake na watoto. Nani awaambie wakae na njaa kwa ajili ya jina la kinamasi?

Hujja yake ya pili ni kwamba kuhama kwa ajili ya riziki si aibu. Hii ni hujja ambayo sisi watu wa pwani hatuwezi kuipuuza. Wazee wetu waliishi kwa kusafiri na pepo za Kusi na Kaskazi, na hivi leo wako vijana wa Malindi na Lamu wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba, na fedha wanazozituma ndizo zinazosomesha wadogo zao. Hapana mwenye akili awalaumuye. Basi ikiwa mtu ana ruhusa ya kuhama, kwa nini kilabu kinyimwe?

Hujja hizi ni nzito, wala hatuzikatai zote. Twakubali kwamba fedha si dhambi, na kwamba mwenye kipawa ana haki ya kuuza kazi ya kipawa chake. Mwaka 2003 mwanariadha wa Kenya Stephen Cherono alichukua uraia wa Qatar akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka huo huo mjini Paris akatwaa ubingwa wa dunia wa mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Ezekiel Kemboi wa Kenya akawa wa pili nyuma yake. Wengi walimlaumu vikali. Lakini miguu ilikuwa yake, na jasho lilikuwa lake, na umri wa mwanariadha ni mfupi kama msimu wa maembe. Tena khasara ya kuhama aliibeba mwenyewe: kanuni ya Olimpiki yataka ipite miaka mitatu kwa aliyebadili uraia, Kenya haikukubali kumpunguzia muda huo, naye akaikosa michezo ya Athens ya 2004. Alichukua kilicho chake, akalipa gharama yake. Mtu wa namna hii waweza kumhuzunikia, lakini kumwita mwizi huwezi.

Hapo ndipo ulipo mpaka wa jambo letu. Kilabu si mtu mmoja. Anayesema "kilabu kimehama" asema maneno yasiyo sahihi. Ukweli ni kwamba watu wachache wamekihamisha, na wengi wamebaki pale pale. Na khasara haikuwapata waliohamisha, imewapata waliobaki.

Mfikirie nahodha wa jahazi. Nahodha ana mamlaka makubwa: yeye ndiye asemaye tanga litwekwe au lishushwe, nanga itiwe wapi, na bandari ipi ipitwe kwa sababu ya upepo. Mabaharia humtii, na wenye mali humwamini. Lakini shehena iliyomo ngamani si yake. Akifika bandari yenye bei nzuri akaiuza shehena ya watu na kuitia fedha mfukoni mwake, hapana atakayekubali udhuru kwamba usukani ulikuwa mkononi mwake. Usukani alipewa kwa ajili ya shehena.

Na shehena ya kilabu ni nini? Ni vitu ambavyo vilitolewa bila ya risiti. Ni wazee waliong'oa visiki ili pawe uwanja. Ni kina mama waliowapikia wageni. Ni watoto waliofua fulana, na kijana aliyecheza miaka minane bila ya kulipwa, akatoka na goti bovu. Ni umati uliokuja kushangilia hata katika mwaka ambao timu ilifungwa kila wiki. Watu hawa hawakumpa fulani wala fulani. Waliipa timu ya mji wao, kwa ahadi ambayo haikuandikwa lakini kila mtu aliifahamu: kwamba timu hii ni yetu, nasi ni wake. Aliyekuja baadaye na fedha alikikuta kitu chenye thamani, na thamani hiyo yeye hakuifanya. Kama si hivyo, kwa nini asianzishe timu mpya katika mji autakao, aanze ligi ya chini kama walivyoanza wenziwe? Jawabu ni nyepesi. Alitaka nafasi iliyokwisha kupatikana kwa jasho la wengine.

Wasomaji wetu wanaijua mali ya wakfu. Msimamizi wa wakfu aruhusiwa kukodisha, kukarabati, kukusanya kodi na kuitumia kwa njia iliyokusudiwa. Na akifanya vizuri hushukuriwa. Akiigeuza kuwa yake, hata kama hati zimo sandukuni mwake, amekhini. Hatusemi kwamba kilabu ni wakfu kwa sheria. Twasema kwamba kinafanana nacho katika jambo moja: wenye kukishika leo walikipokea kutoka kwa waliotangulia ili wawafikishie watakaokuja.

Pengine utasema: "Hayo ni matatizo ya umaskini, wenye mali hawafanyi hivyo." La, ndugu yangu, wenye mali ndio walioyafanya makubwa zaidi. Huko Marekani michezo ya vyuo vikuu hutazamwa na mamilioni ya watu, na vyuo hivyo hujipanga katika mashirikisho, ambayo asili yake yalikuwa ya vyuo vya jirani, ili vijana waende kucheza na kurejea darasani. Shirikisho la vyuo vya upande wa Bahari ya Pasifiki, lililojulikana kwa jina la Pac-12, lilikuwa likihesabu umri wake tangu 1915. Tarehe 30 Juni 2022 vyuo viwili vya mji wa Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kwamba vitahamia Big Ten, shirikisho la majimbo ya kati. Agosti ya mwaka huo Big Ten ikafanya mapatano na makampuni ya televisheni, yaliyotajwa kuwa ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7. Mwaka 2023 waliobaki wakaanza kukimbia, huyu leo na huyu kesho. Hata ulipofika msimu wa 2024, katika vyuo 12 vilikuwa vimebaki 2 tu, Oregon State na Washington State.

La ajabu ni kwamba Stanford na California, vyuo vilivyo karibu na Bahari ya Pasifiki, viliingia katika shirikisho lenye jina la Pwani ya Atlantiki! Ni kama timu ya Malindi ijiandikishe katika ligi ya pwani ya Angola. Na wa kuvuka bara zima si wachezaji wa mpira peke yao, ambao ndio waletao fedha za televisheni, bali hata wasichana wa mpira wa wavu, ambao Jumatatu watakiwa darasani.

Twajifunza mambo mawili hapo. La kwanza, Stanford si chuo maskini. Ni katika vyuo vyenye mali nyingi kabisa duniani. Basi neno "hatuna fedha" halielezi yote. Wawili walipoondoka kwa kutaka zaidi, waliobaki waliogopa kuachwa peke yao, nao wakakimbia. Tamaa ya wawili ikawa khofu ya kumi. Hii ndiyo tabia ya kuvunja ahadi katika kila jambo la watu: anayevunja wa kwanza hupata faida, na wanaomfuata huvunja kwa kujihami, hata asijulikane tena nani mwenye kosa.

La pili ni kwamba dhamiri haikunyamaza kabisa. UCLA na California ya Berkeley ni ndugu, matawi mawili ya chuo kimoja chini ya baraza moja. UCLA ilipoondoka, Berkeley ilipata khasara. Mei 2024 baraza hilo liliamua kwamba UCLA imlipe nduguye dola milioni 10 kila mwaka kwa muda wa miaka 3. Itazame hukumu hiyo kwa makini. Maana yake ni kwamba aliyeondoka kwa faida yake anawajibika kwa aliyemwacha. Na vile vyuo viwili vilivyobaki ilibidi viende mahakamani ndipo vikapata kuziongoza mali za shirikisho. Basi ikiwa vyuo vikubwa vinahitaji baraza na mahakama ili vipate haki zao, mpiga ngoma wa Mbarali atakwenda wapi?

Na hao waliopokea, je? Singida walishangilia, wala hatuwalaumu kwa kuupenda mpira. Lakini nao wana khabari yao. Mwaka 2022 waliletewa timu ambayo kabla ya hapo iliitwa DTB, ikapewa jina la Singida Big Stars. Mwaka 2023 jina likabadilika tena, ikawa Singida Fountain Gate. Katika msimu ule ule walioletewa Ihefu, timu yao hiyo ya kwanza ilipelekwa Mwanza, na msimu uliofuata ikawa Babati, kwa jina la Fountain Gate, pasi na Singida ndani yake. Mji mmoja ulipokea na kupoteza ndani ya msimu mmoja. Mlango ulioingiza mgeni ndio huo huo uliomtoa, maana haukuwa na komeo tangu mwanzo. Furaha iliyojengwa juu ya nyumba ya mwenzio haina hati, na aliyeipata kwa bei yaweza kumponyoka kwa bei kubwa zaidi.

Atakayesema kwamba tunagombania jina tu amekosea. Jina laweza kubadilika na kilabu kisife. Takriban mwaka 1980 serikali ya Kenya ilipoyakataza majina ya kikabila katika vilabu, Abaluhya iligeuka kuwa AFC Leopards, na watu wake wakaifuata, kwa sababu watu walikuwa wale wale. Kinachoua ni kukatwa mafungamano baina ya timu na watu wake. Uingereza walikiona hicho. Mwaka 2002 kilabu cha Wimbledon, cha London, kiliruhusiwa kuhamia mji wa Milton Keynes, kikahamia 2003 na kuacha jina lake mwaka uliofuata. Mashabiki hawakungoja. Mwaka ule ule wa 2002 waliunda kilabu chao, AFC Wimbledon, wakaanza katika ligi za chini kabisa na wachezaji wa kuokoteza. Mwaka 2011 walifika katika ligi za taifa za kulipwa, na 2020 wakarudi kucheza Plough Lane, katika mtaa wao wa asili. Walionunua walipata nafasi ya ligi. Shehena ilikataa kupakuliwa.

Sasa tuje kwetu. Kutoka Mtwapa hata Kilifi, Watamu, Malindi na Mambrui, hapana mtaa usio na timu yake. Nyingi hazina thamani ya kununuliwa na tajiri wa mbali, lakini ugonjwa ni ule ule kwa kipimo kidogo. Ukikaribia uchaguzi hutokea mfadhili na mfuko wa mipira na fulana zenye picha yake. Timu ya mtaa yaitwa kwa jina lake, nahodha wake yuko nyuma ya gari lake na kipaza sauti. Uchaguzi ukiisha mfadhili haonekani, na timu imekwisha gawanyika baina ya waliomfuata na waliokataa. Au cheti cha kilabu kimo nyumbani kwa mtu mmoja, na siku akigombana na wenziwe aondoka nacho, ligi ikamtambua yeye kuwa ndiye kilabu.

Dawa iko, nayo si ngumu. Sheria ya Michezo ya Kenya ya 2013 imeweka Msajili wa Michezo na utaratibu wa kuandikishwa. Basi kilabu kiandikishwe na kiwe na katiba. Katika katiba yaandikwe maneno matatu: kwamba jina, mji na nafasi ya ligi havihamishwi wala kuuzwa ila kwa mkutano wa wanachama wote na kwa kura nyingi, kwamba mfadhili apewa shukrani na nafasi ya tangazo lake juu ya fulana, wala hapewi kilabu, na kwamba mchezaji apatapo kheri kwingine aachwe aende kwa salama, kwa sababu yeye ni mtu huru na riziki yake ni haki yake. Kwa njia hii fedha zitaingia kama mgeni anavyoingia, kwa kubisha hodi, na mwenye nyumba atabaki mwenye nyumba.

Lakini tusiwaoneshe kidole wakubwa peke yao. Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965, na leo Ligi Kuu haimo. Wengi wetu twalipa kila Jumamosi katika mabanda ya televisheni kutazama vilabu vya Uingereza, tukagombana kwa ajili yao kama watu waliogombea mirathi. Na timu ya mtaa ikicheza jioni hiyo hiyo uwanjani, hatuendi, na mchango ukipitishwa twatazama chini. Mwenye kusema "hii ni yetu" yampasa abebe sehemu ya mzigo wake. Aliyekataa kutoa shilingi hamsini kwa maji ya wachezaji, siku timu itakapouzwa atalia kwa haki gani? Muuzaji atamjibu kwamba alikikuta kilabu hakina mwenyewe, na jawabu hiyo, kwa masikitiko makubwa, itakuwa na ukweli ndani yake. Amana ina pande mbili: aliyepewa asikhini, na aliyeiweka asiisahau.

Basi, ndugu msomaji, utakapoitishwa mkutano wa mwaka wa kilabu cha mtaa wako, nenda. Lipa ada yako, ukae mbele, na uombe katiba isomwe kwa sauti mpaka mwisho. Ukiambiwa katiba haipo, ujue kwamba kazi ya jioni hiyo ni kuiandika.